Msisifu Bidoni, Sikilizeni Muziki

Ndugu zetu, dada zetu, na ninyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma hapa: leo tunaandika ju ya neno moja ambalo limetuchosha. Neno lenyewe ni "ubunifu". Tunaambiwa kila siku kwamba vijana wakimbizi ni wabunifu sana. Tunageuza bidoni kuwa ngoma, waya wa breki ya baiskeli kuwa uzi wa gita, kopo la maziwa kuwa kayamba. Wageni wanasimama, wanapiga makofi, wanapiga picha. Halafu wanapanda gari, wanarudi Kamembe au Kigali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: wimbo ule unaitwaje? Nani aliutunga? Yule wa nyuma aliyeshika mwendo dakika kumi bila kuyumba, alifundishwa na nani?

Sisi tunasema sifa ya namna hiyo ni dharau iliyovaa nguo za sikukuu. Na ili mtu asiseme tunalia ju ya mambo yetu tu, tutapitia kwanza kwa watu wakubwa kuliko sisi. Iko albamu moja iliyotoka nyumbani kwetu Kongo mwaka 2004. Inaitwa Congotronics. Kundi ni Konono N°1, la Kinshasa. Albamu hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini tazameni vile ilivyosifiwa, mtaona ugonjwa wetu wote mule ndani.

Kwanza historia, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa. Mwenye kundi alikuwa Mzee Mawangu Mingiedi, Mzombo, mtu wa upande wa mpaka wa Kongo na Angola. Alianzisha kundi lake Kinshasa mwaka 1966. Kwao Wazombo kulikuwa na muziki wa pembe za tembo, uliopigwa na watu wengi pamoja katika shughuli za kimila. Mzee alichukua muziki ule akauhamishia kwenye likembe. Likembe mnaijua: kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma unazozigonga kwa vidole gumba. Hapa Rwanda wazee wanaiita ikembe. Wagogo wa Tanzania wana ilimba, ndugu yake mkubwa.

Sasa, likembe ina sauti ya chini. Kijijini inatosha. Kinshasa, pamoja na magari, baa na makelele ya sokoni, haisikiki hata mita tano. Mzee na watu wake wakaitia umeme. Walichukua sumaku kutoka vyuma vya magari yaliyokufa, wakazungusha waya, wakachonga mikro za mbao. Kwa sauti za waimbaji wakatumia vipaza sauti vikubwa vya chuma, vile vya zamani za Mbelgiji, ambavyo wao waliviita "lance-voix", virusha-sauti. Vyombo vikaunganishwa, umeme ukapita, na sauti ikatoka imekwaruza, inavuma, inanguruma kama bati kwenye upepo.

Hapo ndipo wasifiaji wengi wanasimamia. Eti watu maskini, vyombo vibovu, bahati nzuri, na muziki mpya ukazaliwa kwa ajali. Hadithi tamu. Inafaa kusimuliwa kwenye televisheni. Na inamwondolea mtu mzima wa miaka zaidi ya 70 akili yake yote na kuikabidhi kwa chuma chakavu.

Turudi kwenye likembe yenyewe, ile ya zamani, kabla ya umeme. Mkiishika mtaona mara nyingi kwenye ndimi za chuma kumevishwa vipete vidogo, au kipande cha bati kinachocheza. Kazi yake ni nini? Ni kufanya sauti ivume. Fundi wa likembe hakutaka sauti safi kama ya kengele ya kanisa. Alitaka sauti yenye mchanga ndani yake. Alikuwa anautafuta mvumo ule kabla ya mtu yeyote kumletea betri. Kwa hiyo umeme ulipokuja na kukwaruza, Mzee Mingiedi hakushtuka kama mtu aliyevunja sahani. Alisikia kitu anachokijua, sasa kimekuwa kikubwa kama mtaa. Akakichagua, akakishika, akakifanya kiwe sauti ya kundi lake. Kuchagua, ndugu zetu, ndiyo kazi ya mwanamuziki.

Sasa tufike kwenye upigaji wenyewe, kwa sababu huko ndiko kwenye deni. Wekeni albamu ile masikioni, na tafadhali muweke vizuri, siyo kwenye spika ya simu iliyopasuka. Anzeni na Kule Kule, halafu mwende Lufuala Ndonga na Masikulu. Mara ya kwanza mtasikia fujo. Mara ya pili mchague kitu kimoja tu: likembe ya chini, ile ya besi. Mfuateni huyo mtu mmoja mpaka mwisho, kama mnavyomfuata mchezaji mmoja uwanjani bila kuangalia mpira. Mtasikia kwamba harukiruki. Ana maneno yake machache, anayarudia, na kila baada ya muda anabadilisha neno moja dogo, na kundi zima linasikia na kugeuka naye.

Mara ya tatu mfuate likembe ya juu. Hiyo inaongea haraka. Lakini angalieni inaongea wapi: inaingia pale ambapo ile ya katikati imenyamaza. Wanapishana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja akichelewa nusu pumzi, michi inagongana. Mnajua nyumbani kutwanga kwa watu wawili kunahitaji nini. Kunahitaji masikio kuliko mikono.

Halafu msikilize ngoma na vyuma vinavyopigwa juu, vile vinavyokata muda katika vipande vidogo vidogo, na filimbi ya refa inayokata kati. Waimbaji mmoja anaita, wengine wanaitika. Nyimbo nyingine ni ndefu sana, zinazidi mara mbili au tatu zile mlizozoea redioni, na hakuna kitu kinachoanguka njiani. Kupiga haraka dakika mbili, kila kijana mwenye damu anaweza. Kupiga jambo moja dakika kumi, likabaki hai, bila kukimbia mbele na bila kulala, hiyo inachukua miaka.

Na kuna kazi ambayo haisikiki kabisa kwa sababu ilifanywa vizuri. Ulimi wa likembe ukiusukuma ndani, sauti inapanda. Ukiuvuta nje, inashuka. Likembe tatu, kila moja na ndimi zake nyingi, ziwekwe zipatane zenyewe kwa zenyewe, halafu zipatane na mikro ambayo kila moja imetengenezwa kwa mkono na haifanani na mwenzake. Hakuna duka linalokuuzia hayo. Nani alikaa akasikiliza ulimi mmoja mmoja mpaka ukakubali? Huyo hatumsomi popote. Tunasoma ju ya sumaku ya gari.

Tangu 1966 mpaka 2004 ni miaka 38. Ajali haidumu miaka 38. Muziki wao uliwahi kurekodiwa mwaka 1978, na Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliwasikia kupitia rekodi ile, akaenda kuwatafuta Kinshasa, na ilipita miaka mingi kabla ya kuwapata na kurekodi Congotronics. Yeye alikuja na kompyuta yake na masikio yake, na tunamheshimu kwa sababu alirekodi kile kilichokuwepo. Lakini muziki haukuwa unamngoja. Miaka yote ile watu wa Kinshasa walikuwa wanacheza.

Mwaka 2006 kundi hili likapewa tuzo ya BBC Radio 3 ya muziki wa dunia. Mnajua walipewa katika fungu gani? Fungu la wageni wapya. Wapya! Miaka 40 kamili baada ya kundi kuanzishwa. Mzee aliyekuwa anapiga kabla ya wazazi wa wengi wetu kuzaliwa akaitwa mgeni mpya, kwa sababu London ndiyo kwanza ilikuwa imesikia. Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Tunasema ndivyo inavyokuwa pale ambapo mtu anahesabu umri wako tangu siku yeye alipokuona.

Kuna wenzetu watauliza: na wazungu wenyewe je, wao wanasifiwaje wakifanya muziki wa kukwaruza? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililotufanya tuandike.

Uingereza, mwaka 1976 na 1977, kulitokea panki: vijana wenye hasira, nyimbo fupi, gita tatu-nne za haraka, hakuna shule. Haikuchukua muda, wengine wakachoka na kelele ile moja, wakauliza: sasa baada ya hapa twende wapi? Muziki waliouzaa unaitwa posti-panki, maana yake iliyokuja baada ya panki. Katika muziki huo besi ilitoka nyuma ikaja mbele. Gita likaacha kujaza kila mahali, likawa linakwaruza na kunyamaza. Nafasi tupu ikawa sehemu ya wimbo.

Chukueni kundi la wasichana wa London, The Slits. Albamu yao ya kwanza, Cut, ilitoka 1979. Walipoanza kundi miaka mitatu kabla, mwimbaji wao Ari Up alikuwa na miaka 14, na walikuwa wanajifunza vyombo vyao mbele ya watu. Kwenye wimbo mmoja wa albamu ile mnasikia kiberiti kinatikiswa na kijiko kinaanguka, vimegeuzwa ngoma. Kiberiti na kijiko! Ndani ya studio yenye kila kitu. Na leo albamu ile inaheshimiwa kama kazi ya sanaa, na inastahili, sisi hatuipunguzii hata nukta. Watu wanaoiandika wanauliza maswali ya kweli: kwa nini besi ile inatembea vile? Kwa nini gita limeachwa tupu hapa?

Na aliyekaa kwenye mitambo kuitengeneza albamu ile ni nani? Dennis Bovell, mtu aliyezaliwa Barbados, akafika London akiwa mtoto wa miaka 12, fundi wa rege. Sehemu kubwa ya posti-panki iliyosifiwa kwa besi yake na nafasi zake ilijifunza mambo hayo kwa watu waliotoka visiwani na kukaa mitaa ileile. Wahamiaji ndio waliokuwa walimu. Hilo nalo mara nyingi linaandikwa kwa herufi ndogo.

Basi wekeni hivi viwili kando kwa kando. Kijiko kikianguka studio ya Uingereza, ni wazo. Chuma cha gari kikilia Kinshasa, ni umaskini. Binti wa London anayejifunza gita jukwaani, tunaambiwa amevunja sheria. Mzee wa Kinshasa mwenye miaka 38 ya mazoezi, tunaambiwa amebahatika. Mmoja anasikilizwa, mwingine anahurumiwa. Na mwenye kuhurumiwa halipwi kama fundi. Analipwa kama mtu aliyesaidiwa.

Hatutaki kudanganya mtu: wapo waliosikia sawasawa, na wengi wao walikuwa wanamuziki. Kundi la Waholanzi, The Ex, ambao wamekuwa kwenye njia ya panki tangu 1979, waliuchukua muziki wa Konono wakaupiga wenyewe kwenye albamu yao ya 2004, Turn. Mtu ukikaa kujifunza wimbo wa mwenzako kwa vidole vyako, huwezi tena kuuita ajali, kwa sababu vidole vyako vitakuwa vimeshindwa kwanza. Kampuni iliyotoa Congotronics, Crammed Discs ya Brussels, ilianzishwa na watu wa kizazi kilekile cha posti-panki, na Kenis mwenyewe alikuwa mpigaji wa kundi la namna hiyo. Hao walijua wanasikiliza nini. Fundi anamtambua fundi mwenzake. Shida inaanzia kwa sisi wengine, wenye kamera na wenye ripoti.

Sasa tuvuke, tufike kwetu Rusizi.

Sisi Wakongomani tumelelewa na "article 15". Wakubwa wanaijua: sheria ambayo haipo kwenye kitabu chochote tunachokiheshimu lakini kila mtu anaifuata. Jitafutie. Jipange. Usingoje mtu. Tunaifanyia mzaha, tunaiimba, na ukweli ni kwamba imetulisha. Lakini article 15 ina upande wa pili. Anayetakiwa kutengeneza barabara akiona umejua kupita kwenye matope, haji tena kuitengeneza. Atakuja kukupiga picha unavyopita vizuri. Atasema: tazameni uvumilivu wa watu hawa!

Hivyo ndivyo "ubunifu" unavyotufanyia kazi hapa. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, tulienda kwa shirika moja. Jina hatutaji, na msilitafute kwenye maoni. Tuliomba vitu vitatu: chumba mara mbili kwa wiki, mahali pa kuchomeka umeme, na ruhusa ya kuacha vyombo vyetu humo vikiwa vimefungwa. Tulijibiwa kwa adabu kwamba mazoezi hayamo kwenye mradi. Mradi una "tukio". Sawa. Tukafanya mazoezi chini ya mti, bila umeme, mvua ikija tunakimbia na magita chini ya koti.

Siku ya kuamkia sherehe tukaitwa. Kijana mmoja wa shirika, mtu mzuri tu, akatuambia: "Batoto, muko tayari? Muje na bile bidoni byenu. Magita muache kwanza, bageni banapenda ile ya bidoni."

Tulikuwa na magita mawili ya kweli. Mmoja wetu alivuka nalo mpaka mgongoni, ameacha godoro. Tulikuwa na nyimbo sita tulizozitunga wenyewe, na mbili kati yake ni ngumu, zina mahali pa kugeuka ambapo tulipafanyia kazi wiki tatu. Ngoma ya bidoni tunaipiga, ndiyo, kwa sababu ngoma nyingine hatuna, na huyu dada yetu anayeipiga ameweka maji kidogo ndani ya moja na mchanga ndani ya nyingine mpaka zikatoa sauti mbili zinazoongea. Lakini aliyekuja kututazama hakuambiwa asikilize maji na mchanga. Aliambiwa atazame bidoni.

Tulipiga. Tulipigiwa makofi sana. T-shati tulipewa, nyeupe, zenye maandishi. Hema lilikodishwa, spika zilikodishwa kutoka mjini, viti vilikodishwa. Jioni vyote vikaondoka. Asubuhi yake hatukuwa na chumba, wala soketi, wala mtu aliyejua wimbo wetu mmoja kwa jina.

Na soketi, jamani! Tunaishi kwenye wilaya yenye jina la mto unaotoa umeme. Mabwawa ya Rusizi yanagawa umeme kwa nchi tatu, Rwanda, Burundi na Kongo. Maji yanayotoka Ziwa Kivu yanapita hapa mbele ya macho yetu yakiwa na kazi ya kuwasha taa mpaka kwingine. Sisi tunaomba tundu mbili ukutani, saa nne kwa wiki.

Tunajua watakaotujibu. Tuwajibu kabisa.

Wa kwanza atasema: vijana, chakula kwanza. Mgao umepungua, watu Nyarushishi na kwenye kambi nyingine wanahesabu unga, na ninyi mnataka magita? Ndugu, sisi ndio tunaohesabu huo unga. Hakuna haja ya kutukumbusha. Hatujaomba unga ugeuzwe gita. Tunasema pesa ya muziki ipo tayari, mnaitumia kila mwaka, mnaitumia siku moja. Hema, spika, viti, t-shati: gawanyeni hiyo kwa wiki 52 muone kama haipatikani chumba na kinasa sauti kidogo.

Wa pili atasema: lakini hadithi ndiyo inayouza. Mtu wa mbali hataki kusikia mambo ya besi na likembe, anataka kuguswa. Mwangalieni Staff Benda Bilili. Tumewaangalia. Wazee wa Kinshasa, wengi wao miguu iliondoka na polio, wanatembea kwa baiskeli za magurudumu matatu. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka 2009, filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes 2010, dunia ikalia. Sasa tuulize: kati ya wote waliolia, wangapi wanaweza kueleza Roger Landu anafanya nini na satonge yake? Ile ni kopo, mti na uzi mmoja. Uzi mmoja! Hana vituo vya kuwekea kidole kama kwenye gita. Sauti zote anazitafuta kwa kukaza na kulegeza, na anazipata palepale, katikati ya magita ya wengine, mbele ya watu elfu. Hadithi ya mtoto wa mtaani inakufanya umhurumie Roger. Satonge ikisikilizwa vizuri inakufanya umwogope kidogo, kama unavyomwogopa kila anayejua kazi yake. Sisi tunataka hiyo ya pili. Huruma inakwisha filamu ikiisha.

Wa tatu ni wenzetu wenyewe, vijana wa hapa, na hao tutawasema bila kuwaonea haya. Wanasema: likembe ni mambo ya wazee, ile ni kelele, sisi tunataka biti. Chukueni biti, hakuna aliyewakataza. Lakini msikilizeni Makara Bianko na wenzake wa KOKOKO!, vijana wa Kinshasa, kwenye albamu yao ya kwanza ya 2019. Wameshirikiana na Mfaransa mmoja wa muziki wa mashine, Débruit. Chupa, makopo na nyuzi za kubuni vimekaa pamoja na mashine, na ukali wa panki umo ndani, na huwezi kusema hapa pameisha kijiji na hapa pameanza mji. Albamu inaitwa Fongola, kwa Kilingala ni ufunguo. Na hao nao, kila walipoenda, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa zile chupa. Mlango bado haujafunguka vizuri, ndiyo maana bado tunabisha.

Kwa ninyi wenzetu tuna neno moja gumu zaidi. Iko tabia imeingia kati yetu: mtu akijua wageni wanakuja, anachakaza nguo, anaacha gita nyumbani, anabeba kopo hata kama hajui kulipiga, kwa sababu kopo linaleta picha na picha inaleta kitu kidogo. Njaa tunaielewa. Lakini kila anayepiga kopo ovyo kwa ajili ya picha anamzika yule dada wa maji na mchanga, kwa sababu mgeni hawezi tena kutofautisha nani anajua na nani anaigiza. Kama utapiga kopo, lipige mpaka liwe chombo. Liweke sauti. Lifanyie mazoezi mpaka mwenzako akikosea, wewe umsikie kabla yake. Mzee Mingiedi hakuwa na duka la vyombo, na hakulitumia hilo kama ruhusa ya kupiga vibaya.

Mzee alifariki 2015. Mwanawe Augustin ndiye aliyeshika uongozi wa kundi. Hilo nalo ni ufundi: muziki ulihifadhiwa ndani ya watu, ukafundishwa, ukapita kutoka mkono hadi mkono kwa nusu karne, bila mradi na bila ripoti ya mwisho wa mwaka. Mtu hawezi kufundisha ajali kwa mtoto wake.

Kwa hiyo maombi yetu kwa mashirika, na tunayaandika wazi ili mtu asiseme hakuelewa. La kwanza: mazoezi yaingie kwenye mradi, yawe na mstari wake na pesa yake, kama viti vinavyokuwa na mstari wake. La pili: mkituita kupiga, mtulipe kama mnavyomlipa aliyekodisha spika. Yeye alileta sauti kubwa, sisi tulileta kitu cha kupitisha ndani yake. La tatu, na hili halina gharama hata faranga moja: mkiandika ju yetu, muandike jina la wimbo, jina la aliyeutunga kama anakubali kutajwa, na kila mmoja alipiga nini. Kama hamjui kueleza tulichopiga, njooni siku ya mazoezi, mkae, msikilize mara tatu kama tulivyowaambia hapo juu: kwanza wa chini, halafu wa juu, halafu wote.

Na mkikuta tumepiga vibaya, semeni. Tunawaomba sana mseme. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba wimbo wetu wa tatu unakimbia mwishoni, na unakimbia, tunausikia wenyewe. Watu mnaotuhurumia mnatusamehe kila kosa, na mtu anayesamehewa kila kosa hakuna anayemtegemea kujua kitu. Tukosoeni kama wanamuziki. Tutakasirika siku mbili, siku ya tatu tutarudi kufanya mazoezi.